Uzi: Kabla hujaulizia dada wa usafi, ijue kwanza nyumba yako inataka nini

Hausikipa wa Pwani (mwanzisha uzi)

Habari wanajamvi, poleni na majukumu.

Kila baada ya muda naona mtu anauliza, jamani nani ana dada mzuri wa usafi anisaidie namba, anapewa namba za kutosha tu, mwezi haujaisha yuleyule anarudi analalamika, dada mvivu, dada hajui kazi, dada anamaliza sabuni. Mie nimefanya hausikipingi hotelini kwa miaka, nilianzia Unguja nikaja kumalizia hapa Dar, na mwishoni kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanaoanza, mpaka leo ndugu na majirani wakitaka mtu wa usafi wananipigia. Naomba niseme kitu ninachokiamini kabisa: wengi wetu tunatafuta mtu kabla hatujajua nyumba yetu inataka mtu wa namna gani, ndio mana dada anayesifiwa kwa jirani akija kwako anaonekana hafai.

Chukua nyumba ya Goba au Madale huko ambako barabara ya mtaa bado ni vumbi. Ina taili nyeupe sebuleni, madirisha ya alumini yenye nyavu, watoto wawili wanaotambaa. Hapo adui ni vumbi na linarudi kila siku, ukimleta mtu mara moja kwa wiki akakung'arishia nyumba nzima, jioni ya pili kochi unaandika jina lako kwa kidole. Nyumba ya hivyo inataka mtu wa muda mfupi lakini mara nyingi, masaa mawili matatu asubuhi, anafuta, anapiga deki, anaondoka. Sasa nenda apatimenti ya ghorofani Upanga, wanandoa wote wanatoka saa kumi na mbili asubuhi wanarudi usiku. Vumbi dogo, sebule haikaliwi, kinachochafuka ni jiko na choo. Pale siku moja kwa wiki inatosha kabisa ila ni lazima awe mtu unayeweza kumuachia ufunguo, kwahiyo uaminifu unatangulia kuliko spidi. Alafu kuna nyumba za maji ya kisima yenye chumvi, Kigamboni mnanielewa, bomba zinaota ukoko mweupe, kioo cha bafu kina ukungu, sinki la choo lina mstari wa njano. Hapo unataka mtu anayejua madoa ya maji yanatolewaje, mana asiyejua atachukua waya wa chuma akwangue bomba mpaka rangi itoke. Na nyumba yenye mgonjwa au mzee, huyo anataka mtu mtulivu, asiyeburuza viti, asiyepulizia manukato makali, anayejua kusubiri mzee aamke ndio aingie chumbani.

Hao ni watu wanne tofauti. Wote unaweza kuwaita dada wazuri wa usafi na ukiwabadilishana hakuna nyumba itakayoridhika.

Kwahiyo kabla hujaomba namba chukua karatasi uzunguke nyumba yako, chumba kwa chumba, uandike kinachochafuka na kinachafuka kwa sababu gani. Sakafu ni nini, taili, terazo, mbao au saruji ya kawaida? Maji yanatoka lini, mana kama mtaa wenu ni wa mgao na wewe unamuita dada siku ambayo tenki ni tupu, unamlipa akae. Nani yupo nyumbani mchana? Kuna mtoto mwenye pumu? Ukishaandika, weka alama kwenye vitu vitatu ambavyo visipofanyika wewe roho haitulii. Kuna mtu kwake ni choo, mwingine jiko, mwingine shuka lazima litandikwe limenyooka. Hivyo vitatu ndivyo utakavyomwambia dada siku ya kwanza, mengine yatafuata taratibu. Mwenye nyumba anayemtajia mgeni mambo thelathini kwa mkupuo hafanyiwi hata matano.

Swali la pili ni la kulala au la kwenda na kurudi. Hapa nitaongea wazi. Tumezoea kwamba ukihitaji usafi unaagiza binti kutoka mkoani aje alale, apike, afue, alee, afagie, amsubiri baba usiku amfungulie geti. Huyo mtu anaamka saa kumi na moja analala saa tano, alafu tunashangaa chini ya kitanda hapajafagiliwa. Kama watoto wako wameshakua wanakwenda shule na unachokosa ni usafi tu, mtu wa siku mbili kwa wiki anayekuja na kuondoka atakufaa zaidi, nyumba inabaki na faragha yake na yeye anarudi kwake akiwa na maisha yake. Kama una mtoto mchanga na unarudi kazini, hapo unahitaji mlezi, na mlezi usimpe nyumba nzima kuisafisha. Ukichanganya vyote viwili kimojawapo kitaharibika na mara nyingi ni mtoto.

Siku ya majaribio. Hii msiiruke, na mlipeni, hata kama hamtaendelea nae. Usimsimamie mlangoni, hakuna anayefanya kazi vizuri akiwa anatazamwa mikono. Mpe bafu moja na chumba kimoja, muonyeshe vifaa vilipo, ondoka. Ukirudi usiangalie sakafu, sakafu kila mtu anaipiga deki. Angalia nyuma ya choo, pale inapoungana na ukuta. Angalia swichi za taa na vitasa. Angalia kitambaa alichofutia choo kakiweka wapi, mana akikisuuza akakianika pamoja na cha jikoni hapo kuna somo la kumfundisha. Angalia kama kaanzia juu kushuka chini, pangaboi kwanza, makabati, alafu sakafu mwisho, na kama kaanzia ndani akarudi nyuma kuelekea mlangoni. Na kubwa kuliko yote, je aliuliza kitu? Dada aliyekuuliza "hii mbao niitie maji au nifute na kitambaa kikavu" huyo nampenda kuliko aliyemaliza haraka, mana kuuliza ni dalili kwamba anakiona kitu kabla ya kukigusa.

Msisahau upande wenu. Ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia. Mopu isiyonuka. Glavu. Vitambaa vya rangi tofauti, hotelini tulikuwa tunatenga rangi ya choo na rangi ya jiko na hakuna aliyekosea hata asiyejua kusoma. Kuna nyumba dada anapewa fagio la chelewa limebaki vijiti na kipande cha tisheti, alafu mama anasema kazi yake mbaya.

Nawasilisha, karibuni kwa michango, hasa kwenye malipo mana najua ndipo patakapowaka moto.


Mama wa Wawili

Asante sana dada kwa uzi, umenigusa hapo kwenye kuchanganya mlezi na msafi. Mie niko Tabata, watoto miaka minne na mmoja na nusu. Nina binti anayelala ni mzuri sana kwa watoto, wanampenda, ila nyumba ndo hivo, ukiingia jikoni unaweza kulia. Mume wangu anasema nimtafute mwingine na mie moyo hautaki mana mtoto mdogo kashamzoea. Nifanyeje?


Hausikipa wa Pwani

Usimuondoe jamani. Mtu anayependwa na watoto wako umeshapata kigumu, kirahisi ndo kimebaki. Muachie watoto, chakula chao na nguo zao tu, umwambie wazi kwamba jiko kubwa, vyoo na madirisha sio jukumu lake tena, alafu tafuta mama wa kwenda na kurudi siku mbili kwa wiki, mfano Jumanne na Ijumaa. Ila kaa nao wote wawili siku ya kwanza ugawe kazi mbele yao, usipofanya hivo wa ndani atamtuma wa nje na wa nje ataona anadharauliwa.


Kapera Sinza

Wakuu mimi naishi mwenyewe, chumba na sebule, nikitoka asubuhi narudi saa mbili usiku. Nataka mtu Jumamosi tu. Tatizo kila dada ninayempata akisikia ni mwanaume peke yake anasita, na mimi pia sitaki maneno mtaani. Na bei inakuaje kwa chumba na sebule?


Hausikipa wa Pwani

Kusita kwake ni haki yake ndugu, usikasirike. Siku ya kwanza muombe aje na mwenzake au mwambie mama mwenye nyumba wako awepo uwani, mlango uwe wazi, wewe toka kanyoe nywele rudi baadae. Akishaona unaheshimu hilo mara mbili tatu wasiwasi unakwisha. Alafu kwanini isiwe kijana wa kiume? Unguja kwenye mahoteli wanaotandika vitanda wengi ni vijana wa kiume na wanatandika shuka unaweza kudhani limepigwa pasi juu ya godoro. Waliomaliza mikataba au msimu ukiwa chini wapo wanatafuta kazi za hivi.

Bei nikwambie ya huku kwetu, wa siku anakula kati ya 10,000 na 25,000 kutegemea ukubwa wa nyumba, kama kuna kufua, na umbali. Chumba na sebule kwa masaa matatu, bila nauli, 10,000 ni ya haki. Nauli itengwe pembeni, usiiingize kwenye ujira.


Mtu wa Mwanza

Malipo tuongelee na sheria basi, mana watu wanafikiri dada wa kazi hana sheria. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa asiyelala. Kwa wanaofanya kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa ni 250,000. Na kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kimepandishwa tena, kwahiyo anayelipa 60,000 leo akadhani yuko sawa aende akaangalie amri mpya. Hicho ni cha chini jamani, hakuna anayekukataza kulipa zaidi.

Alafu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu dada kama inavyomhusu wa ofisini: masaa 45 ya kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 yenye malipo, uzazi siku 84. Chama chao kipo, CHODAWU, na hapa kwetu Mwanza kuna WoteSawa wanaowasimamia wafanyakazi wa nyumbani hasa mabinti wadogo. Nimeona kesi ya jirani ikienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, dada alidai mishahara aliyokuwa "anawekewa" akalipwa yote.


Hausikipa wa Pwani

Shukrani mkuu, hili la "kuwekewa" lizungumzwe. Mshahara wa mtu hauwekwi na wewe. Mpe mkononi au mtumie kwenye simu yake, akitaka kuweka atafungua kibubu chake. Na kwenye simu mnabaki na kumbukumbu nyote wawili, siku ya ugomvi hakuna kubishana.


Dada wa Ndoo

Mimi ndio hao mnaowaongelea. Nafanya usafi majumbani, nakaa Mbagala, nyumba zangu nyingi ziko Masaki na Msasani. Kwa kuwa wengi humu ni waajiri naomba niseme ya upande wetu nisikilizwe.

Cha kwanza muda. Nikisema nafika saa mbili mjue nimetoka nyumbani kumi na mbili kasorobo, daladala mbili, siku nyingine nimesimama mpaka mguu unakufa ganzi. Nafika naambiwa leo maji hakuna, subiri kidogo, saa tano naambiwa basi nenda tu utakuja kesho, na nauli sipewi. Jamani nipigie simu usiku. Siku uliyonighairi asubuhi ningeweza kwenda kwa mwingine.

Cha pili kazi za kuongezewa. Tumepatana kusafisha, nikikaribia kumaliza inaletwa dishi la nguo, "hizi chache tu nisaidie". Na humo ndani kuna nguo za ndani za watu wazima. Mimi sifui nguo ya ndani ya mtu, na sio kiburi, nimelelewa hivyo, kila mtu anafua yake. Kama nguo unazo sema siku ya kupatana nipange muda na bei.

Cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi. Kuwekewa hela za mtego. Unainua mto wa kochi unakuta noti ya elfu kumi imekunjwa vizuri, unajua kabisa imewekwa. Mimi naiokota naiweka mezani juu ya kitu kizito, na nikirudi nyumbani sina raha siku nzima. Huyo mtu nitamfanyia kazi lakini siwezi tena kumpenda. Ukitaka kujua kama ni mwaminifu waulize niliowafanyia, namba zao ninazo na wenyewe wameniruhusu nizitoe.

Nyumba niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote mama alinionyesha mara moja anavyopenda, akaniandikia kwenye karatasi akabandika ndani ya kabati la jiko, saa nne napata chai na kitu cha kutafuna, saa saba nimemaliza naondoka. Hajawahi kunipandishia sauti. Kile kioo chake cha sebule ninakifuta mara mbili bila kuambiwa.


Babu wa Tanga

Binti yangu Dada wa Ndoo, pole kwa hayo, na umesema vema. Mimi ni mstaafu, mke wangu ana maradhi ya kifua. Tulikuwa na kijana wa usafi mchapa kazi kweli, ila akisafisha choo mama alikuwa anakohoa mpaka machozi. Nikagundua anachanganya jiki na ile dawa ya maji ya chooni kwa pamoja. Sasa hili mnalifundishaje bila kumuaibisha mtu?


Hausikipa wa Pwani

Shikamoo babu, na mpe pole mama sana. Hapa naomba wote msome taratibu mana ni hatari ya kweli.

Jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, wala siki, wala limao. Zikikutana inatoka gesi ya klorini, ndo ile inayochoma macho na kifua, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumlaza mtu hospitali. Usiichanganye pia na dawa zenye amonia, baadhi ya dawa za kusafishia vioo zinayo. Wengi wanadhani ukichanganya nguvu inaongezeka. Kinachoongezeka ni sumu tu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, fungua dirisha, siku nyingine tumia nyingine. Na msihamishie dawa hizi kwenye chupa za maji ya kunywa au soda, mnajua wenyewe watoto.

Kumfundisha bila kumuaibisha ni rahisi babu, usimwambie "unamuua mama". Mwambie "kwenye nyumba hii tunatumia hii peke yake kwa sababu ya kifua cha mama", alafu ile nyingine iondoe kabisa ndani ya nyumba. Kwa nyumba yenu mie ningetumia sabuni ya maji ya kawaida na maji ya moto kila siku, jiki iliyopunguzwa na maji mara moja kwa wiki mama akiwa barazani.

Na hapo hapo nimalizie asidi. Terazo na mabo (marble) hazitaki asidi, hata limao. Mawe yale yana chokaa ndani, asidi inayala, sakafu inapoteza mng'ao na hairudi mpaka umuite fundi wa kusaga. Nimeona nyumba nzuri ya zamani, terazo ya miaka, imeharibiwa kwa asubuhi moja na dawa kali iliyonunuliwa kwenye kidumu kisicho na lebo. Ukoko wa chumvi kwenye bomba, loweka kitambaa kwenye siki, kizungushie bomba nusu saa, futa, suuza, basi. Lakini siki isidondokee terazo.


Jirani wa Nairobi

Sasa watu wa Bongo, nimependa hii stori. Huku Nairobi sisi wengi tuko na mama fua, anakuja mara moja ama mbili kwa wiki, unamlipa kwa kazi: nguo bei yake, kuosha nyumba bei yake, vyombo bei yake. Wengine wanapatikana kwa simu, na kuna mahali kama Eastleigh asubuhi utapata akina mama wamekaa kando ya barabara wakingoja kuitwa kazi. Kitu nimejifunza ni kuelewana kiasi cha nguo kabla aanze, juu ukisema "nguo za wiki" yeye anafikiria beseni mbili na wewe uko na blanketi tatu na mapazia. Mimi hupiga picha namtumia, anasema bei yake akiwa kwake. Hakuna kuvurugana.


Hausikipa wa Pwani

Hii ya picha ni nzuri sana, naichukua. Hata kwa usafi wa nyumba mtumie video fupi ya jiko na choo kabla hajaja, ataje bei mwenyewe. Anayekwambia "hapo kwenye jiko dada patachukua muda, mafuta yameshaganda ukutani" tayari unajua anaijua kazi.


Mzee wa Makabati

Naomba nipingane kidogo na mleta uzi. Haya ya karatasi na majaribio ni ya watu wenye nafasi. Kwetu kijijini unamchukua binti wa ndugu, miaka 14 hivi, kashamaliza la saba, unamlea, unamfundisha kazi, ukimaliza unamuoza au unampeleka veta. Ndio msaada tuliozoea na wengi tumekua hivyo.


Hausikipa wa Pwani

Mkuu nakuheshimu na najua unakotoka, hata mie nimelelewa na shangazi. Ila hapa sitapindisha maneno. Sheria inaruhusu mtoto wa miaka 14 kazi nyepesi tu, isiyomuumiza na isiyomzuia shule. Kuamka alfajiri kusugua vyoo kwa dawa, kubeba ndoo, kushinda peke yake na watoto wa watu, hiyo sio kazi nyepesi kwa kipimo chochote. Kama unamsaidia binti wa ndugu mpeleke shule, jioni aoshe vyombo pamoja na wanao, na wanao wa kiume nao waoshe. Kwa kazi ya kulipwa ya usafi mie simpeleki mtu kwenye nyumba kama hajafika miaka 18, na naomba kitambulisho cha NIDA au hata namba yake, na barua ya serikali ya mtaa anakoishi. Ndugu yake mmoja pia umjue, uwe na namba yake, akiugua akiwa kwako umpigie nani?

Na lingine linaloendana na hilo, kuchagua kwa kabila au mkoa. Kila siku "nataka wa Iringa", "nataka wa Singida", "wa sehemu fulani wezi". Nimefundisha watu wa kila mkoa, sijawahi kuona mkoa unaofuta madirisha vizuri kuliko mwingine. Nimeona waliofundishwa na wasiofundishwa.


Mama wa Wawili

Nimerudi kutoa mrejesho. Nimeongea na binti wangu, alilia, kumbe alikuwa anaogopa nitamfukuza kwa ajili ya jiko. Tumegawana kazi kama ulivyosema. Mama wa usafi nimempata kwa jirani, majaribio Ijumaa iliyopita, nyuma ya choo kulikuwa kusafi na aliniuliza kuhusu meza ya mninga. Ila kavunja bakuli la glasi la zawadi ya harusi. Mume anasema tumkate. Mie naona vibaya, siku ya kwanza tu. Kisheria na kiubinadamu ikoje?


Mtu wa Mwanza

Kisheria mshahara hauguswi kiholela. Kwa kitu kilichopotea au kuharibika ni mpaka iwe ni kosa lake, umpe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Kwahiyo kumkata ujira wa siku nzima kwa bakuli hapana.


Hausikipa wa Pwani

Mie nasema msimkate kabisa. Mtu anayefanya kazi na maji na sabuni siku moja atavunja kitu, hotelini tulikuwa na daftari la vilivyovunjika na hakuna aliyekatwa kwa glasi. Muangalie alivyokwambia. Kama alikuja mwenyewe akakuonyesha vipande, huyo ni mtu wa kukaa nae. Aliyevunja akaficha kwenye taka ndio wa kumuwaza.

Vitu vya kumbukumbu vitoeni kwenye njia ya kazi, pandisheni juu ya kabati, na mwambieni hapa usifute nitafuta mwenyewe. Na kesho au keshokutwa mtumie ujumbe umwambie Jumanne aje kama kawaida, mana saa hizi yuko kwake anadhani keshafukuzwa na pengine ameshaanza kutafuta nyumba nyingine.


Mama wa Wawili

Aliniita mwenyewe jikoni, vipande kavikusanya kwenye gazeti. Namtumia ujumbe leo leo.


Kapera Sinza

Na mimi nimepata kijana, alikuwa hoteli Nungwi, anaanza Jumamosi. Sakafu yangu ni saruji ya kawaida ya rangi nyekundu, inachakaa ikipigwa deki. Nimwambie atumie nini?


Hausikipa wa Pwani

Hongera ndugu. Saruji nyekundu afagie kwanza vumbi lote litoke, mana mchanga ukipigwa deki ndio unaosugua rangi. Deki ya maji safi yenye sabuni kidogo sana, kitambaa kikamuliwe vizuri, ikauke kabisa. Mara moja kwa mwezi apake nta nyekundu ya sakafu, nyembamba, aache ikauke alafu aisugue na brashi au kitambaa cha sufu. Jiki asiiguse hapo, itatoa mabaka. Mnunulie nta mapema Ijumaa, asije Jumamosi mkaanza kutafuta duka.